Miguu ya Bi Mwalimu

Viatu vyake vilikuwa vya mpira, vyeupe, vya kamba, na kila Ijumaa asubuhi alivisugua na kuvipaka rangi nyeupe kama mtoto wa skuli anayeogopa ukaguzi. Vilikaa nje ya mlango wake, pua zikielekea langoni. Ukivikuta, ujue yumo ndani. Usipovikuta, usisumbue kengele, Bi Mwalimu yuko njiani.

Alifundisha mazoezi ya viungo katika skuli za wasichana hapa Maskati kwa miaka mingi, hata mtaa wetu wa Al Khoudh ukalisahau jina lake. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tulimwita Bi Mwalimu. Majirani wa Kiarabu walimwita Abla, kama wanafunzi wake. Hata mwanawe, mtu mzima mwenye kazi wizarani, ukimuuliza mama yuko wapi alikujibu, "Mwalimu katoka."

Nyumba ya mama yangu imeegemea ukuta mmoja na yake. Mimi sikuwa mtu wa kutulia. Mwaka huu Sohar, mwaka mwingine Salalah, mara nabeba maboksi kiwandani Rusayl. Kila nikirudi alinipokea kwa neno lile lile.

"Ehe, msafiri! Umetuletea nini?"

"Habari, Bi Mwalimu."

"Habari hazijazi sufuria. Haya kaa, nipe hizo hizo."

Na kweli alizitaka. Aliuliza watu wa Salalah wanakula nini wakati wa mvua, Mhindi wa kiwandani kalala chumba kimoja na wangapi, bwana mkubwa wa kiwanda anatembea au anabebwa. Hilo la mwisho aliliuliza juu ya kila mtu. Kwake watu waligawika mafungu mawili tu, wanaotembea na wanaobebwa.

Hesabu alihesabu kwa Kiarabu, matusi alitukana kwa Kiswahili. Kama kuyaita matusi si kumwonea, maana kali kuliko yote ilikuwa "we gunia la mchele." Filimbi aliibeba mkobani hata baada ya kustaafu. Siku moja harusini Al Khoudh, mabibi wamezuia mlango wa chakula, aliitoa akaipuliza. Wote wakapanga mstari, na waliosoma kwake wakanyoosha na mikono mbele kupimana masafa. Alikuwa na kisukari, na daktari alimwambia miguu yako ndiyo dawa yako. Akatembea kila baada ya Alasiri, kiangazi na kipupwe. Halwa aliikataa mbele za watu, kisha aliila jikoni kwa kijiko cha chai, mlango kaurudisha.

Kilichomkera kuliko vyote ni honi. Anayeishi mji huu anaijua. Mtu anatoka nyumbani kwake kwa gari, anakwenda mkahawa wa chai ambao angeufikia kwa miguu kabla injini haijapoa, anasimama mbele ya mlango, anapiga honi. Kijana wa mkahawa anatoka mbio juani, anauliza, anarudi ndani mbio, anatoka na kikombe cha chai ya maziwa. Mwenye gari hajashusha hata kioo chote. Bi Mwalimu akipita hapo alikuwa akigonga kioo kwa kidole cha pete.

"Mwanangu, miguu inakuuma?"

"La, Abla."

"Na huyu anayekuletea chai, yake ya chuma?"

Wengine walicheka, wengine walipandisha kioo. Nimemwona kwa macho yangu mtu mzima akishuka garini na kwenda kuichukua chai yake mwenyewe, masikio yamemwiva.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya baba mmoja aliyekuja skuli zamani, joho limepigwa pasi, kumtoa binti yake katika mbio. Bi Mwalimu aliisimulia akisimama, kwa sauti mbili.

"Akaniambia, 'Abla, binti yangu huyu ni amana. Sikumleta hapa kurukaruka.' Nikamwambia, 'Bwana, amana ukiifungia kabatini ikaoza, mwenyewe akija utampa nini?' Kanyamaza! Binti kakimbia, tena kawa wa pili."

Hapo alikaa, akanywa kahawa yake, akatutazama mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. Mimi nilisikia. Nimeisikia hadithi ile mara nyingi mno kuweza kuisahau, na ndiyo sababu ya hasira yangu.

Maradhi yalipoingia na mji ukafungwa, kiwanda cha Rusayl kilitupeleka nyumbani na mimi nikarudi kwa mama. Ufukwe wa Qurum ulifungwa, bustani zikazungushiwa utepe, tukakatazwa kukusanyika. Kuhusu mtu mmoja kutembea peke yake mchana mbele ya nyumba yake, kila mtu aliisoma amri alivyopenda. Aliyependa kutembea alisoma ruhusa. Aliyependa kuwakataza wenzake alisoma marufuku.

Bi Mwalimu alivaa barakoa, akavaa viatu vyeupe, akatoka. Alikwenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, katikati ya njia, mbali na kila lango.

Mbele yetu anakaa bwana mmoja tunayemwita Muhandisi. Siku ya pili tu alimpiga picha kutoka dirisha la juu, akaitupa katika kundi la simu la mtaa. Chini yake kaandika: *Haya ndiyo mafunzo ya walimu wetu?*

Jamani, kundi lile lilikuwa la kutangaza maji yakikatika na paka akipotea! Siku ile liliwaka.

"Tumeambiwa tukae majumbani."

"Tumeambiwa tusikusanyike. Yuko peke yake, amekusanyika na nani?"

"Leo mmoja, kesho watano."

"Muhandisi, wewe una mashine ya kukimbilia sebuleni. Mwenzio mashine yake ni baraste, njia hii ya mtaani."

"Tuna wazee ndani! Anaona haya kweli?"

Kisha ikaja sauti yake, taratibu, kama anaita majina darasani.

"Assalaam alaykum. Aliyenipiga picha kanipiga kisogoni. Kesho apite mbele, nitavaa ushungi mzuri. La pili, ufukwe umefungwa, siendi. Bustani imefungwa, siendi. Kukusanyika kumekatazwa, sikusanyi hata paka. Nna sukari, nna miguu, nna barakoa. Mwili huu ni amana, na nitaulizwa mimi, hutaulizwa wewe. Wassalaam."

Mama yangu aliirudia sauti ile mpaka simu ikaishiwa chaji. Mkubwa wa mtaa akaandika kwamba Abla aachwe na njia yake. Muhandisi alijitoa kundini kwa ghadhabu, akarudi baada ya Magharibi. Nami nilifurahi kama aliyeshinda ni mimi. Niliona haki imesimama mtaani kwetu na viatu vyeupe.

Lakini nyumba ya Bi Mwalimu ilikuwa na miguu mingine.

Prossy alikuwa binti wa Kiganda, wa Masaka, aliyekuja kufanya kazi za nyumbani. Kabla ya maradhi alikuwa akienda kanisani Ruwi siku ya Ijumaa, gauni la maua, nywele kazisuka upya, na akirudi utamsikia anaimba anapoosha vyombo. Kanisa lilipofungwa, Bi Mwalimu alilifunga na lango. Ufunguo aliutia mfukoni mwa joho lake, na ufunguo ule ulikwenda naye matembezini kila siku.

Nilipanda darini kwetu alasiri moja kutazama tangi la maji. Kwa pili ya ukuta nikamwona Prossy akizunguka. Kamba za nguo huku, matangi huku, na yeye katikati, kanzu kaishika kwa mkono, anazunguka kwa kasi kama mtu anayechelewa gari.

"Unafanya nini huko juu?"

"Natembea, kaka. Kwani hii si njia? Hapo kwenye tangi ndio Kampala, hapo kwenye antena ndio Masaka." Akacheka, akasimama, akajifuta jasho. "Kaka, nje kukoje?"

"Kumenyamaza. Unataka kutoka?"

"Mama amesema la. Sikiza, mama ni mzuri, sidanganyi. Ananiita mwanangu, chakula chetu ni sahani moja. Meno yaliponiuma alikaa na mimi mpaka asubuhi. Lakini anasema korona iko nje. Sawa. Yeye anaenda nje kila siku, anarudi. Hiyo korona inamwogopa mama? Ni mimi tu inanitafuta?"

Nikainua kifuniko cha tangi letu.

"Basi halas," akasema, "nitazoea. Lakini miguu haizoei, kaka. Miguu inauliza kila siku."

Chini, kwa upenyo wa ukuta, lango lilifunguliwa kisha likafungwa kwa nje. Bi Mwalimu alikuwa anatoka.

Nilijiambia labda hajafikiri tu. Mtu akipigania lake hana macho ya kando. Nikangoja. Haukupita muda, ikaja picha ya pili kundini. Safari hii ni shaghala, binti wa Kiganda kama Prossy, mtumishi wa nyumba ya mwisho kwa mama mmoja mjane. Bibi yake kamwambia atoke anyooshe miguu saa ile ile ya Bi Mwalimu. Alikuwa peke yake, ana barakoa, katikati ya njia. Ungezipanga picha mbili, usingeona tofauti ila rangi ya viatu.

Nilidhani watu watasema yale yale. Yakhe, we!

"Nani kamfungulia huyu?"

"Hawa wakitoka wanakutana na wenzao. Watatuingizia maradhi majumbani."

"Leo kutembea, kesho atakimbia kabisa, na mwenyewe abaki analia."

"Khofu ya Mungu iko wapi? Wazee tutawaua sisi!"

Waliosema hayo ndio wale wale. Aliyemtetea Abla kwa mashine ya sebuleni ndiye aliyeuliza nani kafungua. Mkubwa wa mtaa aliyesema Abla aachwe na njia yake hakusema kitu kuhusu njia ya huyu. Na Muhandisi, picha hakupiga yeye, alikuwa anacheka tu kwa vile vikatuni vya simu. Walipobishana juu ya Bi Mwalimu nilidhani wanabishana juu ya maradhi. Siku ile nikaelewa kwamba maradhi yalikuwa joho tu. Walichokuwa wakibishania ni nani ana haki ya kuonekana njiani.

Mama mjane akaandika mstari mmoja: *Abla, wewe sema.*

Mtaa mzima ukasubiri. Mimi nilisimama katikati ya sebule na simu mkononi. Nilikuwa na uhakika wa jibu lake kama nnavyojua mlango wa nyumba yetu. Angetuma sauti. Angeanza na salamu, angemalizia na wassalaam, na katikati angewapanga mstari wote.

Aliandika. Hakusema, aliandika: *Sheria ni sheria. Kila mmoja ahifadhi amana yake ndani ya nyumba yake.*

Yule shaghala wa mjane hakuonekana tena njiani.

Kesho yake nilimngoja Bi Mwalimu langoni kwake. Alirudi akihema kidogo, ufunguo tayari mkononi.

"Bi Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdai?"

"Na Prossy je?"

"Prossy kafanyaje?"

"Atembee na yeye. Peke yake, na barakoa, kama wewe. Nusu ya njia yako tu."

Akaivuta barakoa yake chini ya kidevu ili nimwone mdomo.

"Wee mwana, nisikilize. Binti huyu kaja kwangu mkononi. Mama yake kanipigia simu, analia, kaniambia nakuachia mwanangu. Akipata maradhi huko nje, nimpigie nimwambie nini? Nilimwachia azurure?"

"Na wewe ukiyapata huko nje ukamletea ndani?"

"Mimi najua kujihifadhi."

"Na yeye hajui? Hujawahi kumfundisha? Umefundisha mji mzima!"

Akatia ufunguo. Nikaona anataka kuingia, nikasema nililokuja nalo.

"Bi Mwalimu, yule baba wa joho la pasi. Ulimwambia amana ikifungiwa kabatini ikaoza, mwenyewe akija utampa nini?"

Mkono wake ukasimama kwenye ufunguo. Nilimwona akiisikia hadithi yake kwa sauti ya mtu mwingine, na hakuipenda.

"Wewe," akasema polepole, "uliikimbia skuli kabla kengele haijalia. Usije ukanisomesha mlangoni kwangu."

Akaingia, akalifunga. Nikasikia kitasa, kisha komeo.

Watu waliniambia nimemkosea adabu. Mama yangu hakusema nami siku nzima. Lakini nawauliza mpaka leo, adabu ni ya nani? Muhandisi sikumkasirikia hata wiki, kwa sababu sikuwahi kumtarajia. Mtu mdogo akifanya udogo, umeshangaa nini? Ila huyu aliyewasimamisha baba za watu kwa ajili ya miguu ya mabinti zao, aliyemgongea kioo mwenye gari kwa ajili ya miguu ya muuza chai! Haki yote aliijua, na herufi zake alizijua, na ilipofika kwenye lango lake akaisimamisha nje pamoja na viatu. Tena kwa mapenzi. Angekuwa katili, Prossy angejua la kufanya. Lakini mtu anayekuita mwanangu na kukulaza meno yakikuuma, utamwambia nini? Utasema asante, upande darini.

Ndege ziliporudi na mkataba wake ukaisha, Prossy hakutaka kuongeza. Bi Mwalimu alimbembeleza, akamnunulia sanduku jipya. Siku ya safari, mwanawe alileta gari mpaka langoni, akafungua buti. Prossy alimkumbatia Bi Mwalimu, wakalia wote wawili, sikatai. Kisha akaushika mkono wa sanduku, akalipita gari.

"Prossy! Gari hili hapa."

"Nimeliona, baba. Nitapanda huko mbele."

Akaondoka kwa miguu. Alipita katikati ya njia, mbele ya dirisha la Muhandisi, mbele ya lango la mjane, sanduku linarindima kwenye lami na gauni lake la maua linapepea. Gari la mtoto wa Bi Mwalimu lilimfuata nyuma polepole, kama linasindikiza bibi harusi. Hakugeuka mpaka barabara kubwa. Huko ndiko alikopanda.

Bi Mwalimu alisimama langoni na viatu vyake vyeupe mpaka njia ikawa tupu. Nilikuwa upande wa pili. Hakunitazama, nami sikumwamkia, mara ya kwanza maishani mwangu. Kiwanda kilikuwa kimefunguliwa. Nikarudi Rusayl, kisha Sohar, kisha penginepo.

Nimemwona tena kipupwe hiki kilichopita, Qurum, upande wa ufukweni kwenye mikahawa. Watu ni wengi, watoto na baiskeli, wanawake na viatu vya kukimbilia, kila mtu anatembea kama hapajawahi kukatazwa. Nikasikia honi. Ndefu, ya pili, ya tatu, tena si mbele ya mkahawa wa chai. Nikageuka kumtafuta huyo mpuuzi.

Gari la mwanawe lilikuwa limeegeshwa chini ya mtende. Bi Mwalimu alikuwa amekaa nyuma, kajivuta katikati ya viti viwili vya mbele, mkono wake umefika kwenye usukani. Kioo cha nyuma kimeshushwa nusu.

"Msafiri!" akasema. "Nimekuona toka kule. Njoo hapa, uniokoe."

Alikuwa amepungua. Nyonga ilivunjika mwaka juzi, akaniambia, kaanguka bafuni, si njiani, na wala sikumuuliza. Sasa anaweza kutembea kwa fimbo. Daktari kasema atembee. Lakini mwanawe hataki. Anamleta ufukweni kila Ijumaa aione bahari kwa kioo, anakwenda kumnunulia chai, na mlango wa nyuma una kufuli ile ya watoto, haufunguki kwa ndani.

"Nimemwambia nishushe. Ananiambia, 'Mama, huko nje kuna baiskeli, kuna mchanga, ukianguka tutawaambia nini watu? Wewe ni amana kwetu.'" Akanitazama. "Kanambia hivyo hivyo. Neno kwa neno."

Nilitaka alimalize mwenyewe.

"Nilikuwa namsikia," akasema.

"Nani?"

"Usinifanyie ujinga. Yule binti. Nikikaa sebuleni na kahawa yangu, namsikia juu ya kichwa changu. Anazunguka, anazunguka. Nilikuwa nahesabu, ni mazoea. Alikuwa na mwendo mzuri, hatua sawasawa, mguu wa kushoto hauburuti. Nikasema moyoni, huyu ningempata skuli ningemtia katika mbio." Akaangalia mikono yake. "Nikasema hivyo, nikamimina kahawa nyingine."

Siku zote nilikuwa nikijiambia hakujua. Kumbe alijua, alihesabu, hata alama alimpa! Hasira yote ya miaka ile ikanipanda upya pale pale, mbele ya watoto na baiskeli.

"Ulimwambia?"

"Kila mwezi nampigia simu. Tunaongea ya watoto wake, ya mvua." Akatikisa kichwa. "Hilo sijalisema."

Akaisukuma fimbo yake ikagonga mlango. Chini, miguuni mwake, vilikuwa vile viatu, vimepakwa vyeupe kwa ajili ya kukaa garini.

"Nifungulie."

Niliushika mkono wa mlango nikausimamisha hapo. Nilitaka asubiri. Nilitaka angalau kwa muda mfupi aione njia kwa kioo huku mwenye kufungua yuko nje na ana sababu zake nzuri. Na nilitamani anayesimama pale awe Prossy, gauni la maua, aamue yeye. Bi Mwalimu hakuniomba mara ya pili. Alikaa, mikono juu ya fimbo, kama anayejua swali lilipo.

Nikafungua. Msamaha si wangu, sikuwa nao wa kumpa. Nilifungua kwa sababu mlango umefungwa na mtu yumo ndani anataka kutembea, na sababu nyingine sijui.

Akaweka kiatu kimoja chini, kisha cha pili. Akasimama, akajinyoosha, akaanza kwenda, polepole mno, katikati ya njia, baiskeli zikimpisha.

Mwanawe alitokea na vikombe viwili. Uso ulimbadilika.

"Nani kamfungulia?"

"Mimi."

"Akianguka, nitawaambia watu nini…"

"Mpigie Prossy," nikamwambia, "umwambie mama yako anatembea."

Hakunielewa. Lakini mbele yetu Bi Mwalimu alisikia, maana alisimama. Hakugeuka. Alijishika kwenye fimbo, akatia mkono mfukoni mwa joho lake, pale alipokuwa akiweka ufunguo, akatoa simu.